Gari la kukodi likikwaruzika: nani analipa, na bima inaingia wapi

Tuseme umekodi Noah pale Makambako kwa siku mbili, unapeleka ndugu harusini Ludewa. Umelipa pesa ya siku mbili na umeacha amana ya shilingi 300,000. Harusi imepita vizuri. Usiku wakati wa kugeuza, kona ya bampa ya nyuma imegusa nguzo ya geti. Rangi imetoka na taa ya nyuma imepata ufa. Unaporudisha gari, mwenye gari analizunguka mara mbili, anainama, anaonyesha bampa, kisha anaonyesha na mkwaruzo wa mlango wa kushoto ambao wewe hukuugusa kabisa. Anakwambia amana haitarudi. Unamjibu, "Kwani gari halina bima, kaka?"

Ugomvi wa namna hii ni wa kawaida tangu watu wa vijijini walipoanza kukodi magari kwa ajili ya misiba, harusi, kuhamisha mazao au kumfuata mgonjwa. Kila upande unakuwa na nusu ya ukweli. Mwenye gari ana haki ya kulipwa kwa kilichoharibika mikononi mwako. Wewe una haki ya kutolipia mkwaruzo wa mwaka jana. Bima nayo ipo, lakini kwa uharibifu mdogo kama huu, mara nyingi haitoi hata shilingi moja. Makala hii inaeleza kwa nini iko hivyo kwa hapa Tanzania, na nini cha kufanya na simu yako kabla hujawasha gari la watu.

Bima ya gari ni mkataba wa mwenye gari

Jambo la kwanza ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba gari likiwa na bima, basi yeyote aliyeko kwenye usukani amelindwa. Bima ni makubaliano kati ya mwenye gari na kampuni ya bima. Wewe uliyekodi haumo ndani ya makubaliano hayo. Unaweza kunufaika nayo, kwa sababu bima nyingi zinakubali gari liendeshwe na mtu aliyeruhusiwa na mwenye gari, mradi ana leseni hai ya daraja linalohusika. Lakini anayedai kwenye kampuni ni mwenye gari. Akiamua kutodai, huwezi kwenda kumdaia.

Magari mengi yana moja kati ya bima mbili. Ya kwanza ni ile tunayoiita bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu. Hii ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169. Inamlinda mtu wa nje: mpita njia aliyegongwa, abiria wa gari jingine, mwenye ukuta uliobomolewa. Haitengenezi gari ulilokuwa unaendesha. Kwa hiyo kama ile Noah ina bima ndogo tu, swali lako la "kwani halina bima" limeishia hapo. Bampa ni lenu wawili.

Ya pili ni bima kubwa. Hii ndiyo inayotengeneza na gari lenyewe likigonga, likipinduka, likiungua au likiibwa. Mwenye gari akikwambia "gari langu lina bima kubwa, usiwe na wasiwasi", mshukuru, halafu endelea kusoma.

Eksesi, au kwa nini bima kubwa hailipi mkwaruzo

Kwenye karibu kila bima kubwa kuna kiasi ambacho mwenye gari anakibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Mawakala wa bima wanakiita eksesi. Kimewekwa makusudi, ili watu wasipeleke kwenye kampuni kila mkwaruzo wa geti. Kinaandikwa kwa asilimia ya madai, pamoja na kima cha chini.

Chukua mfano. Mkataba unasema eksesi ni asilimia 10 ya madai, lakini isipungue shilingi 250,000. Fundi amesema bampa ni 120,000 na taa ni 80,000, jumla 200,000. Hiyo iko chini ya 250,000, kwa hiyo kampuni hailipi chochote. Sasa tuseme ulipinda mlango pia, na jumla imefika 900,000. Asilimia 10 yake ni 90,000, lakini kima cha chini ni 250,000, kwa hiyo 250,000 ni ya mwenye gari na kampuni inalipa 650,000 inayobaki. Tarakimu za mkataba wa gari ulilokodi zinaweza kuwa nyingine, ila hesabu inakwenda vivyo hivyo.

Utaona basi kwamba swali zuri la kumuuliza mwenye gari ni "eksesi yako ni shilingi ngapi?" Ukiuliza tu kama gari lina bima hujapata kitu. Kiasi hicho ndicho ambacho yeye, likitokea la kutokea, atakutazama wewe ulipe. Na mara nyingi ndicho kilichofanya akutoze amana ya kiasi kile. Mkikubaliana mapema, na kuandika, kwamba ukigonga utabeba eksesi tu na kinachozidi kitatoka kwenye bima, umeshajua mwisho wa hasara yako. Msipokubaliana, anaweza kukudai yote.

Kuna sababu nyingine inayomfanya mwenye gari asipende kudai bima kwa vitu vidogo. Kampuni nyingi zinampa mteja punguzo la bei ya mwaka unaofuata akimaliza mwaka bila kudai. Akidai kwa ajili ya taa, punguzo linapotea. Usimwone ni mtu mbaya akikwambia "hii tumalize wenyewe". Kwa uharibifu wa laki moja au mbili, huenda hesabu yake ni sahihi.

Namba ya njano

Hapa pana mtego ambao kwa maoni yangu ni mbaya kuliko huo wa eksesi, kwa sababu hauonekani mpaka siku ya ajali kubwa.

Bima ya gari inaandikwa kwa matumizi fulani. Gari la matumizi binafsi linakatiwa bima ya binafsi, na gari la kukodisha linakatiwa bima ya biashara, ambayo bei yake iko juu. Watu wengi wanaokodisha gari lao moja mtaani wamekata ile ya binafsi. Mkataba wa bima ya binafsi kwa kawaida unakataza gari kukodishwa kwa pesa. Siku ya madai kampuni ikigundua kwamba gari lilikuwa limekodishwa, ina sababu ya kukataa kulipa. Mwenye gari atabaki na chuma chake kilichopondeka, nawe utabaki na mwenye gari.

Dalili ya kwanza iko kwenye kibao cha namba. Hapa Tanzania gari binafsi lina kibao cha njano, na gari la biashara lina kibao cheupe. Ukipewa gari la namba ya njano kwa kukodi, uliza bima yake imeandikwa matumizi gani. Pengine atakwambia kila mtu anafanya hivyo, na ni kweli wengi wanafanya. Lakini sasa unajua kwamba unaendesha gari ambalo bima yake inaweza kuyeyuka, na unaweza kuamua kama safari ni ya lazima kiasi hicho.

Kama bima ipo au haipo, hilo unaweza kulihakiki mwenyewe. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa TIRA-MIS. Unaingiza namba ya gari au namba ya stika, unaona kama bima ni hai na inaisha lini. Kama simu yako ni kitochi, mwombe kijana mwenye simu janja akuangalizie, ni kazi ya dakika mbili. Picha ya stika iliyotumwa kwa WhatsApp siyo uthibitisho, kwa sababu hata stika ya mwaka juzi inapigika picha.

Dakika kumi kabla ya kuwasha gari

Sehemu hii ndiyo itakayookoa amana yako, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Nenda kuchukua gari mchana. Usichukue saa moja jioni wala alfajiri na tochi, kwa sababu mkwaruzo hauonekani gizani. Kama gari lina vumbi au tope, mwombe mwenye gari limwagiwe maji, hata ndoo moja. Gari chafu linaficha mengi, na watu wengine wanalijua hilo.

Kisha lizunguke pamoja na yeye. Usizunguke peke yako. Anza bampa ya mbele, pita upande wa kushoto, nyuma, rudi kwa upande wa kulia. Piga picha kila upande kwa mbali ili gari lote lionekane pamoja na namba yake, halafu sogea upige kila mkwaruzo, kila sehemu iliyobonyea, kila ufa. Usisahau kioo cha mbele, kwa sababu vidoa vya mawe huanza vidogo kama punje ya mtama kisha vinatambaa. Piga vioo vya pembeni, taa zote, rimu na ubavu wa tairi. Inama uangalie chini ya bampa ya mbele, pale ndipo magari ya chini kama IST na Probox yanapoumia kwenye barabara zetu, na pale ndipo mwenye gari atakapoangalia ukirudi. Ingia ndani upige viti, dari na dashibodi gari likiwa limewashwa, ili taa za onyo, kilomita na mafuta vionekane. Fungua nyuma uone kama tairi la akiba, jeki na spana vipo. Jeki iliyopotea inageuka kuwa deni kwa urahisi kuliko mkwaruzo.

Video moja ya kuzunguka gari polepole, ukiwa unataja kwa sauti unachokiona, ni nzuri zaidi ya picha ishirini. Sauti ya mwenye gari ikisikika nyuma ikisema "huo ni wa zamani", ndio bora zaidi.

Picha zikibaki kwenye simu yako tu, mtu anaweza kusema ulizipiga baadaye. Zitume kwa mwenye gari hapo hapo, kabla hujaondoka, ili ujumbe uwe na tarehe na saa kwenye simu zote mbili. Kama mmoja wenu hana simu janja, ujumbe wa kawaida unatosha. Unaweza kuandika hivi:

"Habari kaka. Nimepokea Noah yako leo Ijumaa saa 4 asubuhi. Mlango wa kushoto una mkwaruzo wa zamani, bampa ya mbele ina ufa chini, kioo cha mbele kina doa moja upande wa abiria. Jeki na tairi la akiba vipo. Mafuta robo tenki. Amana nimekutumia 300,000. Naomba unijibu kama ni sawa."

Subiri ajibu "sawa" ndipo uondoke. Watu wengine wanaona aibu kufanya hivi kwa mtu wanayemfahamu, hasa kama ni jirani au mmeunganishwa na shemeji. Mwambie tu ni kwa ajili ya usalama wa wote wawili. Mwenye gari mwelewa hatakasirika, kwa sababu picha hizo zinamlinda na yeye. Anayekasirika kabla gari halijatoka getini atakasirika zaidi likirudi.

Ujumbe wa namna hii una uzito hata mbele ya sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kutumika kama ushahidi. Kwa sababu hiyo hiyo, tuma amana kwa pesa ya simu badala ya kumpa mkononi. Ujumbe wa muamala unabaki na jina lake, kiasi na tarehe. Pesa ya mkononi inabaki kwenye kumbukumbu za watu, na kumbukumbu za watu siku ya ugomvi hazifanani.

Kuhusu karatasi ya mkataba: hata ukurasa mmoja wa daftari uliosainiwa na wote wawili unafaa. Uwe na namba ya gari, siku na saa za kuchukua na kurudisha, bei, amana, nani ameruhusiwa kuendesha, gari linaenda wapi, na nani analipa nini likiharibika. Mambo mawili ya mwisho hayaandikwi mara nyingi, na ndiyo yanayoleta kesi. Kama mdogo wako atapokea usukani njiani, jina lake liandikwe na leseni yake ionekane. Bima inaweza kukataa madai kwa sababu tu aliyekuwa anaendesha hakuwa na leseni ya gari la aina hiyo, hata kama kosa halikuwa lake.

Kama umekodi gari pamoja na dereva wake, mambo ni mepesi. Uendeshaji ni wa dereva na hasara ya barabarani ni ya mwenye gari. Chako ni kile tu ambacho wewe au watu wako wamekiharibu: kiti kilichochanika kwa jembe, mlango uliofunguliwa ukagonga mti, mafuta ya kupikia yaliyomwagika kwenye zulia.

Imetokea. Sasa fanya nini?

Simama. Tazama kwanza kama kuna mtu aliyeumia. Kama ni nguzo na bampa tu, piga picha gari likiwa pale pale lilipogusa, pamoja na hicho lilichokigusa, kabla hujalisogeza. Kisha mpigie mwenye gari siku hiyo hiyo. Usisubiri kurudi.

Najua kishawishi kilipo. Unapita kwa fundi wa njiani, anapiga rangi ya haraka, unarudisha gari jioni ukiomba asione. Usifanye hivyo. Rangi ya pembeni ya barabara inaonekana juani siku ya pili, na kuanzia hapo mwenye gari hataamini neno lako lolote, hata lile la mlango ambao kweli hukuugusa. Tena kama uharibifu ni mkubwa kiasi cha kudaiwa bima, mkataba wa bima unamtaka mteja atoe taarifa mapema na asitengeneze gari kabla kampuni haijalikagua. Ukilitengeneza kwa siri unaweza kumharibia madai yake yote.

Ukiwa umegusa mali ya mtu mwingine, hata kama ni pikipiki iliyoegeshwa au ukuta wa tofali, sura ya jambo inabadilika. Sheria ya Usalama Barabarani inakutaka usimame, utoe taarifa zako kwa mwenye mali na tukio lifike polisi. Hapa ndipo hata bima ndogo inaweza kusaidia, kwa sababu huyo ndiye mtu wa tatu. Lakini kampuni haitashughulika bila ripoti ya polisi wa usalama barabarani. Watu wengi wanamaliza hapo hapo kwa elfu hamsini na kupeana mikono. Kwa taa ya pikipiki inawezekana, ingawa hata hapo muandikishane kwa ujumbe kwamba yamekwisha. Kama kuna mtu aliyeumia, hata kama anasema ni michubuko tu, usimalizane naye barabarani. Nendeni polisi apate fomu ya PF3 na atibiwe.

Jambo moja la kujizuia: usiandike wala kusaini kwamba "nitalipia kila kitu" ukiwa bado na mshtuko. Sema kilichotokea kama kilivyotokea. Kulipa kutafuata baada ya kujua bei.

Bei ya fundi

Huu ndio mjadala wenyewe, na ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Mwenye gari atakwambia bampa ni laki nne, kwa sababu amefikiria bampa jipya. Wewe utasema elfu hamsini, kwa sababu umefikiria rangi tu. Hakuna anayejua mpaka fundi wa bodi aseme. Pendekeza muende pamoja kwa mafundi wawili, mmoja wa kwake na mmoja wa kwako, kila mmoja atoe bei kwa maandishi, akitenganisha vifaa na ufundi. Kama gereji ziko mbali, fundi anaweza kukadiria kwa picha, ingawa kwa kitu kilichobonyea picha inadanganya.

Kisha uliza: hiki kinanyooka au kinabadilishwa? Bampa la plastiki lililotoka rangi linapigwa rangi. Lililochanika kwenye kishikizo mara nyingi linabadilishwa. Taa yenye ufa huingiza maji, kwa hiyo hata kama inawaka, madai ya kuibadilisha ni ya haki. Lakini kama gari ni la mwaka 2003 na taa ilikuwa imefifia, taa ya mtumba ya gari kama hilo inatosha kabisa. Wajibu wako ni kumrudisha mwenye gari pale alipokuwa kabla ya nguzo. Hujibiki kumpa gari zuri kuliko alilokupa.

Atakudai pia siku ambazo gari halitafanya kazi. Hilo nalo si dai la uonevu. Kama gari ni la biashara na litakaa gereji siku mbili, anapoteza pesa kweli. Ila zihesabiwe siku za ufundi tu. Wiki mbili anazosubiri mpaka apate nafasi ya kulipeleka gereji si zako. Na kama mkataba ulitaja faini, tuseme laki tano kwa "uharibifu wowote", jua kwamba Sheria ya Mikataba, Sura 345, inazungumzia fidia inayostahili, na kile kiasi kilichotajwa ni ukomo wa juu. Mkwaruzo wa elfu themanini haugeuki kuwa laki tano kwa sababu tu karatasi imesema hivyo.

Mkishakubaliana, njia salama ni wewe kumlipa fundi moja kwa moja, au mwenye gari akate kwenye amana, akurudishie inayobaki na akutumie picha ya risiti ya fundi. Kumwachia amana yote kwa uharibifu ambao haujatengenezwa ni kumlipa kwa kukadiria. Wengine hawatengenezi kabisa, na mkodishaji wa wiki ijayo anakutana na mkwaruzo ule ule aliolipia mwenzake.

Jiwe la lori

Swali gumu ni la hasara isiyo na kosa. Unafuata lori la mbao kati ya Mafinga na Makambako, jiwe linaruka, kioo cha mbele kinapasuka. Hukukimbia, hukulisogelea sana, hukunywa. Nani alipe?

Sheria ya Mikataba inasema aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe, na akifanya hivyo hawajibiki kwa hasara iliyotokea. Kwa hiyo, kama hakuna makubaliano mengine, kioo hicho si deni lako. Tatizo ni hayo "makubaliano mengine". Karatasi nyingi za kukodisha zina mstari unaosema mteja atalipia uharibifu wowote kwa sababu yoyote. Ukisaini hapo, umeuhamisha mzigo wa jiwe la lori kuja kwako. Soma mstari huo. Unaweza kuomba yaongezwe maneno "uliosababishwa na uzembe wa mteja". Bima kubwa nyingi zina kipengele cha vioo, kwa hiyo kwa kioo cha mbele ndipo inafaa kumsisitiza mwenye gari aulize wakala wake kabla hajakugeukia.

Tairi ni jambo tofauti. Pancha ya kawaida ni yako, kama ilivyo mafuta. Tairi kipara lililopasuka lenyewe si lako, na ndiyo maana tulisema upige picha ya tairi. Hali kadhalika injini: klachi iliyokuwa inateleza tangu mwanzo ni uchakavu wa gari. Lakini ukiona taa ya mafuta ya injini imewaka nawe ukaendelea kilomita arobaini, huo ni uzembe, na hakuna bima itakayokubeba.

Wanaovuka mpaka, tuseme kutoka Tarime kwenda Migori au kutoka Kyela kwenda Karonga, waombe ruhusa ya mwenye gari kwa maandishi. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilishajitoa kwenye jumuiya hiyo, inahusu watu wa tatu wa nchi uliyoingia. Bampa la Noah halimo, labda bima kubwa ya gari iwe imeongezewa eneo hilo.

Mkishindwana

Kama mwenye gari ameng'ang'ania amana bila maelezo, anza kwa ujumbe wa heshima unaotaja tarehe, kiasi, picha ulizotuma siku ya kwanza, na siku unayotegemea jibu. Mara nyingi ujumbe huo peke yake unaleta simu. Usipojibiwa, tumia aliyewaunganisha, au wazee, au ofisi ya kijiji au mtaa kwa usuluhishi. Deni la namna hii linaweza pia kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na huhitaji wakili kulifungua. Polisi siyo mahali pa kudai amana, isipokuwa kuna jinai ndani yake, kama gari la wizi au karatasi za kughushi.

Kama mzozo ni kati ya mwenye gari na kampuni yake ya bima iliyokataa kulipa, yeye ndiye mlalamikaji. Aanze kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Asiporidhika, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa kazi hiyo, na kuna TIRA yenyewe. Wewe kazi yako hapo ni kutoa maelezo ya kweli ya tukio na nakala ya leseni yako. Usikubali kubadilisha maelezo, kwa mfano kusema yeye ndiye aliyekuwa anaendesha ili bima ya binafsi ipite. Hilo ni udanganyifu wa bima, na jina litakaloandikwa kwenye maelezo hayo polisi ni lako.

Picha za siku ya kuchukua gari zisifutwe hata kama simu imejaa. Zikae mpaka amana irudi na mwenye gari ajibu kwa ujumbe kwamba hamdaiani. Siku ya kurudisha gari, zungukeni tena pamoja, mchana, mpige video nyingine, ndipo umkabidhi ufunguo.